Ishara Isiyo na Kazi

Karakanani kwetu tulimwita Mikono, na mwenyewe aliitika. Mikono yake haikuwa mirefu wala mikubwa kuliko ya fundi makabati mwingine yeyote. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza kufungua kinywa bila mikono kufunguka pamoja nacho. Akisema mvua imenyesha, vidole vilimwagika kutoka juu ya kichwa mpaka kiunoni. Akisema amechoka, viganja viwili vililala kifuani na kuteleza polepole mpaka tumboni. Ukitaka kumuuliza jambo akiwa na kikombe karibu, kwanza ulikisogeza kikombe.

Mimi ni fundi rangi wa karakana hiyohiyo. Napiga msasa, napaka vanishi, nasubiri ikauke, na katika kusubiri naona mengi. Watu husema nina mdomo. Sikatai. Ninachosimulia hapa ni jinsi kazi yetu ilivyotaka kumtenganisha Mikono na mama yake mzazi, na ilibaki kidogo tu ifaulu.

Zamani kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mteja akitaka makabati ya jikoni, Mikono alikwenda nyumbani kwake, akasimama katikati ya jiko tupu na kuyachora hewani. "Hapa droo za vijiko," alisema, na viganja vikavuta droo ambayo haikuwepo. "Hapa mlango. Unafunguka hivi, haugongi friji." Akaufungua mlango huo wa hewa, akainama chini ya rafu ya hewa na kutoa sufuria ya hewa. Niliwahi kumwona mteja mmoja, mama mtu mzima mwenye akili zake timamu, akimpisha apite na sufuria hiyo.

Ndipo ikaja miwani. Bosi wetu ni mama mmoja ambaye wafanyakazi wake wote tunaenea kwenye benchi moja, lakini anataka aitwe Mkurugenzi. Aliiona kwenye maonyesho ya biashara akarudi kichwa kimevimba. Ukiivaa unaliona jiko la mteja kama lilivyo, kuta zake na masizi yake, na humohumo unaona makabati ambayo bado hayajatengenezwa, yamekaa mahali pake kwa ukubwa wake, mpaka vivuli vyake. Mteja anavaa jozi ya pili na kuona yaleyale. Na kuyasogeza hakuna kitufe. Ni vidole tu. Ukikutanisha kidole gumba na cha shahada, umekamata kabati. Ukiviachanisha, umeliachia. Ukivuta mikono miwili huku na huku, linapanuka. Ukipitisha kiganja mbele ya uso kama anayefukuza inzi, kila kitu kinafutika.

Kampuni ya miwani ilimtuma mkufunzi, binti mpole mwenye sauti ndogo. Alitufundisha asubuhi moja, na sisi asubuhi yote tulikuwa tunagombania zamu ya kuivaa, kwa hiyo nusu ya maneno yake yalipita juu ya vichwa vyetu. Ilipofika swali la nani ataipeleka kwa wateja, Mkurugenzi hakuumiza kichwa. Alikuwa na mtu anayechora makabati hewani miaka nenda miaka rudi. Mikono alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Wateja wa kwanza walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. Mimi nilikwenda pia kwa sababu ya kuchagua rangi. Mikono aliyapanga makabati vizuri kabisa, dirishani, ukutani, chini ya sinki, na wale wazee wawili walikaa na miwani yao midomo wazi. Kisha mke akauliza kama mbao hizo hazitaoza kwa maji.

"Hapana, mama, haina shida kabisa," alisema Mikono, na kiganja chake kikapita mbele ya uso, kama kilivyopita kila aliposema hapana tangu nimjue.

"Yamekwenda wapi?" yule mama akapiga kelele.

Aliyarudisha. Mume akauliza upana wa droo. "Pana hivi, mzee," akasema Mikono akinyoosha mikono, na droo ikapanuka mpaka ikapita kwenye tumbo la mwalimu, naye akaruka nyuma amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. Mikono akataka kuomba radhi. Sasa, yeye radhi huiomba kwa kushika ngozi ya koo kwa vidole viwili. Kabati la sinki likang'oka mahali pake likamfuata shingoni. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta, mbavu sina.

Wazee wale walicheka na wao, kisha wakasema watafikiria. Katika biashara yetu, mteja anayekwenda kufikiria hurudi mara chache sana. Mambo yakawa yaleyale kwa mteja wa pili, na kwa yule wa tatu jiko zima lilihamia sebuleni. Mkurugenzi akamwita ofisini, na kwa kuwa ofisi yake ni ubao mmoja tu kutoka kwenye benchi langu, nilisikia yote.

"Kaka, chagua. Ama mikono yako ijifunze kunyamaza, ama miwani nampa mtu mwingine na wewe unarudi kwenye randa."

"Mkurugenzi, bila mikono mimi sijui kuongea. Yaani maneno yenyewe hayatoki..."

Nikasikia kikombe kikianguka.

"Umeona?" akasema Mkurugenzi.

Basi akajifunza. Njia aliibuni mwenyewe: penseli mkono wa kulia, tepu ya kupimia mkono wa kushoto, kila anapoongea. Anaviweka chini pale tu anapotaka kusogeza kabati, kisha anaviokota tena ndipo anasema neno. Wakati wa chai alituomba tumsaidie. Yeyote akiuona mkono unapanda bila kazi, apige kelele: "Mkono!" Tulipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Karakana nzima ikawa inasikika hivyo kutwa, mpaka wapita njia wakawa wanachungulia. Na kwa kuwa mazoezi ya kazini hayakutosha, alikuwa anarudi na penseli na tepu nyumbani kwake, anaendelea huko. Hakuna aliyeuliza huko nyumbani kuna nani.

Miezi haikuwa mingi akawa mtu mwingine. Alisimama kwenye majiko ya watu wima kama nguzo. Alisema, akanyamaza, akasogeza kabati, akaokota penseli, akasema tena. Hakuna kilichofutika wala kumfuata mtu shingoni. Wateja walikubali kazi mmoja baada ya mwingine, na Mkurugenzi akawa anamtolea mfano. Kwangu mimi alikuwa amepooza kama chai ya jana, lakini sikuulizwa.

Asubuhi moja akaja amenyoa masharubu. Masharubu yale yalikuwa na umri mkubwa kuliko karakana. Tulimzunguka kama aliyetoka hospitali.

"Makubwa! Umepata mchumba?" nikamuuliza.

"Mama hanielewi," akasema, penseli huku, tepu huku.

"Hakuelewi vipi?"

"Hasikii. Tangu nikiwa mdogo, aliugua, masikio yakafa. Huwa anaangalia. Nikasema labda akiuona mdomo vizuri atanielewa."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia gundi iko kwenye rafu ya juu, akarudi kwenye kazi yake. Nimefanya kazi na mtu huyo miaka, nimecheka mikono yake miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza ilikotoka.

Siku chache baadaye aliniomba, kama ningepata nafasi, nikapake vanishi kabati la nguo la mama yake lililopauka. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, yeye akiwa kwa mteja. Mama mwenyewe alinifungulia mlango, mwanamke mfupi mwenye macho makali, na sauti yake ilikuwa juu, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu! Wewe si fundi rangi?" Akanitazama juu mpaka chini, kisha mkono wake ukapaka rangi hewani, kwenda na kurudi, shingo imeinama upande na ulimi umetoka kidogo kwenye pembe ya mdomo. Nilijitambua papo hapo. Sikujua kuwa natoa ulimi nikipaka. Na baada ya brashi, vidole vyake vikakaa kando ya shavu vikawa mdomo unaofunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, bila kupumzika.

"Ndiye mimi," nikasema.

Katika nyumba ile nilikuwa na jina. Sote tulikuwa nalo. Alinionyesha Mkurugenzi, kidevu juu na kidole kikipigapiga meza, nikacheka mpaka nikakaa chini. Jioni zote za miaka yote, Mikono alikuwa anamrudishia mama yake karakana nzima kwa vidole: nani kagombana na nani, nani kaharibu ubao, nini mimi nimesema. Lugha ile hawakufundishwa na mtu. Waliitunga wenyewe, mama aliyeacha kusikia na mtoto aliyekuwa bado hajajua kuongea sawasawa, na baba mtu akajifunza kwao. Baba alifariki zamani. Walibaki wao wawili humo ndani.

Kisha akanishika mkono akanipeleka chumbani kuliona kabati, na kitandani palikuwa na begi limefungwa, na juu yake kanga imekunjwa.

"Mama unasafiri?" nikauliza, nikaonyesha begi kwa kidole.

"Binti yangu anakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Dada yake mkubwa. Nikakae kwake." Akaketi kando ya begi. "Huyu hajui bado. Nitamwacha dada yake amwambie. Wewe unafanya naye kazi, hebu niambie, mwanangu. Nimemkosea nini?"

Hata ningekuwa na jibu, ningelisema kwa lugha gani?

"Anakuja, anakaa pale." Akaonyesha kiti. "Anafumbata penseli kama mtu aliyeficha kitu. Midomo inacheza. Namwambia sijaelewa, anaongeza sauti. Sauti ya nini mimi? Kanyoa masharubu, nikauona mdomo wote. Sasa? Anaongea kama anayesoma risiti. Mtu akikukasirikia ndiyo anafanya hivyo. Anakunyima mikono."

Nilimhurumia, na nilikasirika pia, sijui hasa kwa nani. Kabati nililipaka mkono mmoja tu wa vanishi nikaliacha likauke. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja mpaka alipokuwa Mikono, nikamkuta anapakia miwani kwenye sanduku lake mlangoni kwa mteja. Sikumsalimu.

"Mama yako amefungasha. Anakwenda kuishi kwa dada yako. Anasema humpendi tena."

Penseli ilianguka. Mikono yake ikapanda juu kwa nguvu, nikasogea nyuma kama zamani. Lakini ilifika nusu ya njia ikasimama, kisha ikashuka yenyewe mpaka mapajani. Hakuna aliyekuwa amepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

"Naiacha hii kazi," akasema. "Narudi kwenye randa."

"Utarudi tu. Ila kwanza tumuulize yule binti wa miwani," nikasema, kwa sababu sipendi mtu afanye uamuzi mkubwa kabla sijatia neno.

Mkufunzi alikuja kesho yake. Alitusikiliza sote, mimi zaidi, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Lakini nililisema hili siku ya kwanza. Miwani inaweza kufundishwa ishara ya kuianzia. Mpaka ione ishara hiyo, haiangalii mikono yako kabisa. Ukimaliza, unaifanya tena, inaacha kuangalia. Ishara mnachagua wenyewe."

Mkurugenzi akatazama paa. Mimi nikatazama kopo langu la vanishi.

"Ila iwe ishara ambayo hutaifanya kwa bahati mbaya ukiwa unaongea," akaongeza.

Mikono akaanza kutafuta. Ngumi mbili zikigongana? Hiyo ni kazi. Kidole kwenye kiwiko? Hiyo ni shangazi. Kiganja kichwani ni aibu, kiganja begani ni kubeba, kiganja sikioni ni mama mwenyewe. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. "Hakuna mkono usiosema kitu," akasema mwishowe.

"Muulize mwenye lugha," nikamwambia.

Tulikwenda alasiri hiyohiyo, mimi, yeye na mkufunzi, na sanduku la miwani. Mikono aliketi mbele ya mama yake, akatoa penseli mfukoni akaiweka mezani. Akatoa tepu akaiweka kando ya penseli. Kisha akaanza. Sijui alisema nini. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, inakwama kwama, halafu ikafunguka, ikaenda mbio, ikapishana, na uso wake ukalowa naye hakujifuta kwa kuwa mikono ilikuwa na shughuli. Mama alitazama bila kupepesa. Mwisho akaikamata ile mikono yote miwili akaipiga makofi, moja, la pili, kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani, halafu akaishikilia.

Tulipokohoa vya kutosha, mimi na mkufunzi, ndipo tukakumbukwa. Mikono akamweleza mama shida yenyewe: anatafuta ishara isiyo na kazi.

Mama aliichukua kama kazi ya maana. Alivuta kiti, akakunja mikono ya gauni. Alijaribu moja, akatikisa kichwa. Hiyo ni chumvi. Nyingine ilikuwa jirani wa nyuma. Ya tatu aliianza, akaificha chini ya meza akicheka, na Mikono akaona haya mpaka masikioni, nami sikuambiwa ni nini. Kila aliyoishika ilikuwa ina mwenyewe. Kisha akatazama mikono yake mapajani.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kwa vidole viwili vya kulia akashika kifundo cha mkono huo, pale saa inapovaliwa, akakizungusha kama anayezungusha kitu kilicholegea pale.

Mikono akatikisa kichwa haraka. "Hapana, mama. Hiyo hapana."

"Ichukue," mama akasema kwa sauti. "Hatuitumii."

"Ni nini hiyo?" akauliza mkufunzi.

Mikono akamgeukia. "Ni baba," akasema. "Saa yake ilikuwa kubwa, inamlegea mkononi. Akiwaza alikuwa anaizungusha hivyo. Ndilo jina lake. Tangu azikwe hakuna mtu humu aliyelifanya."

"Limekaa bure miaka yote hii," mama akasema, nadhani aliyasoma maneno kwenye mdomo wa mwanawe usio na masharubu. "Lipe kazi."

Miwani ilitaka kuonyeshwa ishara mara kadhaa ndiyo ishike. Mama alikataa mwanawe aifanye peke yake. Wakakaa bega kwa bega mbele ya mkufunzi, kila mmoja akizungusha saa isiyokuwepo kwenye kifundo chake, wala hawakutazamana. Baadaye mama alivaa jozi ya pili akaona kabati la vyombo limesimama katikati ya sebule yake. Alisema ni baya, na vishikio ni vidogo.

Begi lilifunguliwa. Dada mkubwa alikuja mwisho wa mwezi kama alivyopanga, akakuta hakuna wa kumchukua, akakaa siku mbili akiwagombeza wote wawili, akarudi kwake. Nasi karakanani tulirudia kusogeza vikombe. Kwa wateja, Mikono sasa anaongea na mikono yake yote, majiko yanachorwa hewani kama zamani, kisha anazungusha kifundo na makabati yanaanza kumtii. Akimaliza anakizungusha tena. Wateja hudhani ni mtambo unaotaka hivyo.

Kwa mama nilikuwa bado nadaiwa mkono wa pili wa vanishi. Nilikwenda jioni moja, jua halijazama, nikalivuta kabati karibu na mlango wa chumba nipate mwanga. Mama alikuwa sebuleni anachagua mchele. Mikono akaingia kutoka kazini, amechoka, sanduku begani. Akasimama mbele ya mama yake, akaweka sanduku chini, na kabla hajaanza kuongea, vidole viwili vikashika kifundo cha kushoto vikakizungusha. Ni mazoea tu ya kutwa nzima.

Mama akageuka upesi akatazama mlango nyuma yake.

Mikono akagundua alichofanya. Mikono yake ikabaki inaning'inia. Mama aliendelea kuutazama mlango, sinia la mchele limeinama mapajani, punje zinamwagika chini naye hana habari. Mimi nilisimama na brashi juu.

Kisha akaweka sinia sakafuni. Akakizungusha kifundo chake mwenyewe, polepole, na baada ya hapo mkono mwingine ukafanya kitu ambacho hata mimi kwa siku hizo nilikuwa nimeshakijua, maana Mikono hukifanya kila mbao zinapokawia kuletwa. *Amechelewa leo.* Akamtazama mwanawe usoni, na pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza.

Mikono akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati. Akaketi sakafuni pale penye mchele, mbele ya magoti ya mama yake, akazungusha kifundo, safari hii kwa kukusudia, akasema jambo refu. Mama akalijibu. Akalirudia jina, akamwonyesha mtu mrefu anayeinama mlangoni, mtu anayepiga chafya, mtu anayelala na gazeti usoni. Mikono akaongeza lake, akakatazwa, akaongeza tena. Miaka yote hiyo hawakuwa wamemtaja. Waliendelea mpaka mwanga ukapungua sebuleni na mama akainuka kuwasha taa ili wasikatizwe.

Vanishi ilinikaukia kwenye brashi.